Nondo, Taa na Daftari

Katika mashule yetu ya sekondari wamo vijana wengi wawezao kuchora, bila ya kutazama kitabu, maisha ya mdudu ageukaye umbo: yai, kiwavi, pupa, na mwisho kipepeo mwenye mabawa. Lakini ukimwuliza kijana huyo huyo ni wadudu gani waliotua jana usiku katika ukuta ulio chini ya taa ya bweni lake, atakujibu kwamba ni wadudu tu. Elimu yake imeishia kwenye mchoro. Makala haya yanatoa maoni kwamba ukuta ule ni maabara, kwamba gharama ya kuitumia maabara hiyo imeshuka kiasi ambacho shule isiyo na umeme nayo yaweza kuimudu, na kwamba hata hivyo tutakuwa hatujafanya kitu ikiwa tutanunua taa tukasahau daftari.

Mdudu tunayemzungumzia ni nondo. Huenda jina lenyewe limemponza, kwani mwanafunzi wa leo akilisikia hufikiri kwanza vyuma vya kukazia zege, na mzee msimulizi wa hadithi hufikiri joka kubwa. Mdudu hushika nafasi ya tatu. Katika vitabu vingi hutajwa kwa mstari mmoja, kama ndugu maskini wa kipepeo. Ukweli ni kinyume chake. Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina spishi zipatazo 160,000 za oda ya Lepidoptera, yaani vipepeo na nondo pamoja, na katika hizo vipepeo wa mchana hawafiki 20,000. Wote waliobaki, karibu tisa katika kila kumi, ni nondo. Kwa hiyo mwalimu afundishaye habari za vipepeo akawaacha nondo amefundisha pembe moja tu ya shamba.

Tena si mdudu wa kupita tu. Viwavijeshi wanaomaliza mahindi na malisho kwa siku chache ni watoto wa nondo, Spodoptera exempta. Funza wa mabua ni watoto wa nondo. Kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuwaliza wakulima wa nyanya, ni nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini. Mwaka 2016 iligunduliwa Afrika Magharibi spishi nyingine ya viwavijeshi kutoka bara hilo hilo, Spodoptera frugiperda, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa imekwisha kuonekana katika mashamba ya Kenya na Tanzania. Kwa upande wa pili wa mizani, nondo ni watumishi wetu. Mwaka 2009 watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichapisha uchunguzi wao wa mipapai nchini Kenya, wakaonyesha kwamba wachavushaji wake ni nondo wa jamii ya Sphingidae, wale wenye mwili mnene na mabawa membamba, warukao kwa kasi wakati wa magharibi. Na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye mapori, na hali ya mapori hayo, vina athari katika uchavushaji huo. Mkulima afyekaye kichaka cha mwisho kando ya shamba lake huenda asijue kwamba amewafukuza vibarua wake wa usiku.

Basi nondo huchunguzwaje? Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuwaita kwa taa. Jambo hili si geni kwetu wala halikuletwa na vitabu. Watu wa Bukoba, na jirani zao wa Uganda, huwasha taa zenye nguvu msimu wa senene, wakasimamisha mabati yanayong'aa, na senene wakayagonga na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Huo ni mtego wa nuru kamili, wenye taa, ukuta na chombo cha kupokelea, na mwanafunzi wa Kagera akiusoma katika kitabu cha kigeni hana haja ya kustaajabu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika nao kwa miaka mingi walitumia karabai, na siku hizi wengi wao wamehamia kwenye taa za LED zinazochajiwa kwa mionzi ya jua. Na ni mtoto gani wa kwetu ambaye hajapata kuokota kumbikumbi chini ya taa baada ya mvua ya kwanza?

Kwa wachunguzi wa nondo, chombo kilichotawala kwa muda mrefu kilikuwa ni taa ya mvuke wa zebaki. Mwaka 1950 ndugu wawili wa Uingereza, H. S. Robinson na P. J. M. Robinson, walieleza mtego ambao hata leo huitwa kwa jina lao: taa juu, faneli chini yake, na chombo kikubwa chenye kinga za wadudu kujifichia. Taa iliyozoeleka katika mitego ya namna hiyo ni ya wati 125. Huvuta nondo kwa wingi mno. Lakini huwaka kwa moto mkali, kioo chake huweza kupasuka kikiguswa na tone la mvua, ndani yake mna zebaki ambayo ni sumu, na katika pori lisilo na umeme huhitaji jenereta. Mchunguzi alikwenda porini na jenereta, dumu la petroli na mtu wa kuvibeba. Shule gani ya kijijini ingethubutu? Isitoshe, Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza kati ya nchi na nchi taa za namna hiyo kwa ajili ya mwanga wa kawaida. Enzi yake imepita.

Nafasi hiyo imeshikwa na diodi zitoazo nuru, ambazo kila mtu wa mtaani huziita LED. Diodi ya kwanza ya nuru nyekundu ionekanayo kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Ilichukua miaka thelathini na zaidi kupata ya buluu yenye nguvu, na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, huyo wa tatu akiwa tayari raia wa Marekani, Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Baada ya buluu, urujuanimno haukuwa mbali. Mwaka 2017 mtaalamu wa nondo wa Jena, Ujerumani, Gunnar Brehm, alichapisha maelezo ya taa ndogo aliyoibuni mahsusi kwa kazi hii. Ndani yake mna diodi za urujuanimno zenye kilele cha nanomita 368, za buluu nanomita 450, za kijani nanomita 530, na nyeupe. Namba hizo hazikuchaguliwa ovyo. Jicho la nondo lina vipokea nuru vya aina tatu hasa: vya urujuanimno karibu na nanomita 350, vya buluu karibu na 450, na vya kijani karibu na 520. Taa imeshonwa kwa kipimo cha jicho, kama kanzu kwa kipimo cha mabega.

Hebu na tupige hesabu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Taa ya zebaki ya wati 125 ikiwaka saa 10 hutumia 125 × 10 = 1,250, yaani wati-saa 1,250. Taa ya LED ya wati 5 kwa muda huo huo hutumia wati-saa 50 tu. Sasa chukua betri ya akiba ya kuchajia simu iliyoandikwa miliampea-saa 20,000. Volti za seli yake ni 3.7, kwa hiyo nishati iliyomo ni 20 × 3.7 = wati-saa 74. Hata robo yake ikipotea katika kubadili volti, zitabaki zaidi ya 55. Usiku mzima wa kazi, basi, waweza kutiwa katika mfuko wa shati, na asubuhi betri ikarudishwa kwenye kipande cha sola kilicho juu ya paa la ofisi ya mwalimu mkuu. Kidato cha tatu waweza kuifanya hesabu hii wenyewe, na nadhani wataikumbuka kuliko ile ya pasi na jiko la umeme iliyomo vitabuni.

Hata hivyo, mwalimu asiende dukani akanunua balbu yo yote ya LED akidhani amepata mtego. Balbu nyeupe ya kawaida ni diodi ya buluu iliyopakwa unga ugeuzao sehemu ya buluu kuwa manjano. Macho yetu huchanganya yakaona nyeupe. Urujuanimno ndani yake karibu haumo. Mwaka 2021 Brehm na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba nuru iliyowavuta nondo kuliko zote ni ya urujuanimno, ikifuatiwa na ya buluu. Kwa hiyo balbu ya dukani hupata wachache, na mwanafunzi atakayeitumia atahitimisha kwamba kijijini kwao hakuna nondo. Zipo diodi za urujuanimno za bei nafuu, kama zile zitumikazo katika tochi za kukagulia noti za fedha; mwalimu wa fizikia mwenye chuma cha kulehemia na vipinga vichache aweza kuziunganisha zikawa taa. Sharti moja: mtu asiikodolee macho taa hiyo, kwa maana jicho letu halioni sehemu kubwa ya nuru yake na kwa hiyo halijui kujikinga.

Na kwa nini nondo huijia taa? Swali hili liliulizwa karne nyingi, na majibu yalikuwa mengi: kwamba anadhani ni mwezi, kwamba anafuata joto, kwamba anatafuta mwanya wa kutokea gizani. Mwezi wa Januari 2024, Samuel Fabian, Yash Sondhi na wenzao walichapisha jibu lililotokana na kamera ziendazo kasi sana, walizozitumia maabarani na katika misitu ya Kosta Rika. Mdudu arukaye usiku hugeuzia mgongo wake upande wenye nuru zaidi. Katika maumbile, upande huo ni mbingu. Hivyo akiugeuzia mgongo hujua juu ni wapi. Taa ikiwa kando yake, mgongo hugeukia taa, na mdudu akajikuta anazunguka bila ya kuondoka. Akipita juu ya taa, hupinduka chali akaanguka. Si mapenzi, wala si wazimu. Ni dira iliyodanganywa. Wapo wachache ambao katika majaribio hayo hawakutii kanuni hiyo, akiwamo nondo mmoja mkubwa wa jamii ya Sphingidae, Daphnis nerii, ambaye hupatikana Afrika pia.

Mtu asidhani kwamba hiyo ni habari ya kustarehesha tu. Ina maana kubwa katika kusoma hesabu ya mtego. Ikiwa taa hunasa dira ya mdudu apitaye karibu, basi waliomo ndooni si wakazi wa wilaya nzima walioitikia mwito, bali ni sampuli ya waliokuwa wakipita hapo usiku huo. Mtego uliosogezwa hatua hamsini kutoka penye miti hadi penye uwanja wa mpira ni mtego mwingine. Taa iliyobadilishwa ni mtego mwingine.

Hapa ndipo nitofautianapo na baadhi ya wapenzi wa taa hizi mpya. Wao husifu wepesi wake, kwamba leo utakwenda mtoni, kesho mlimani, kesho kutwa msituni, na kila mara utapata spishi usiyopata kuiona. Hayo ni kweli, na kwa mtaalamu anayeandaa orodha ya spishi za msitu fulani ni neema. Lakini kwa shule naona ni mtego wa pili, na atakayenaswa ni mwalimu. Klabu ya sayansi itazunguka na taa kwa mwezi mmoja, itapiga picha za nondo wazuri, itazibandika ukutani, na baada ya hapo taa itafungiwa kabatini pamoja na darubini iliyovunjika lenzi. Wepesi wa taa hii una faida nyingine iliyo kubwa zaidi: taa nyepesi isiyohitaji jenereta yaweza kukaa mahali pamoja, ikawashwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, bila ya kumchosha mtu wala kumaliza fedha za shule.

Tazama walivyofanya Waingereza. Mwaka 1933, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, C. B. Williams aliweka mtego wa taa na kuanza kuhesabu. Katika miaka ya 1960 hesabu hizo zilipanuliwa kuwa mtandao wa mitego nchi nzima, mingi ikiangaliwa na watu wa kujitolea, walimu wakiwa miongoni mwao. Balbu waliyoichagua ni ya waya wa tungsteni ya wati 200, balbu dhaifu kwa kazi hii. Taa nyingi zilizo bora kuliko hiyo zimetokea tangu wakati huo. Wao kwa miongo mingi wamebaki na balbu ile ile. Si kwa ukaidi. Walielewa kwamba siku watakapoibadili, hawataweza tena kulinganisha jana na leo. Matunda ya uvumilivu huo yalionekana wazi katika taarifa ya mwaka 2021: kati ya mwaka 1968 na 2017 jumla ya nondo wakubwa walioingia mitegoni nchini humo ilipungua kwa asilimia 33. Hakuna mtu ambaye angeweza kuliona jambo hilo kwa macho, kwani upungufu usiofikia hata sehemu moja katika mia kwa mwaka haumgutushi mtu. Ni daftari ndilo lililoona.

Sisi je? Nasi tulipata kuwa na kitu cha namna hiyo, ingawa kilihusu nondo mmoja. Katika miaka ya 1960 palikuwa na mitego ya taa iliyotapakaa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya kuwafuatilia viwavijeshi, na tangu mwaka 1969 kituo cha utafiti wa kilimo cha Muguga, Kenya, kilichokuwa cha nchi zetu tatu kwa pamoja, kilitoa utabiri wa kila wiki katika msimu wao. Nondo hao husafiri na upepo mbele ya mvua, kwa hiyo hesabu ya mtego mmoja ilikuwa onyo kwa wilaya nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikashika njia yake. Kadiri miaka ilivyopita, mitego ya harufu, ile itumiayo feromoni ya jike kuwavuta madume, ilichukua nafasi kubwa katika utabiri huo, na kwa haki, kwa sababu ni ya bei ndogo, haihitaji umeme, na humleta mdudu anayetakiwa peke yake.

Lakini sifa hiyo ya mwisho ndiyo upungufu wake pia. Mtego wa harufu hutoa habari za spishi uliyoitilia chambo; haukwambii lo lote kuhusu mgeni ambaye hujui kwamba amefika, wala kuhusu mwenyeji anayetoweka kimya kimya. Taa hupokea wote. Nani leo awezaye kusema, kwa tarakimu na si kwa hisia, kama nondo wachavushao mipapai ya Tanga au Morogoro wameongezeka au wamepungua tangu wazee wetu walipokuwa vijana? Hatuna mfululizo wa hesabu wa kumjibu. Na mfululizo hauwezi kununuliwa kwa msaada wa wafadhili, maana mwaka uliopita bila ya kuhesabiwa haurudi. Mashule tunayo, karibu katika kila kata. Yana walimu, yana vijana wenye macho makali, na yana kalamu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isiwe kisiwa kilichotengwa na maisha ya wananchi wanaoizunguka. Sioni kazi ya biolojia ilinganayo na wito huo kuliko hii.

Yapo mapingamizi, na mengine ni ya haki. La kwanza ni la majina. Mwalimu atasema, nitawafundishaje wanafunzi kuandika nondo ambao mimi mwenyewe siwajui? Ni kweli kwamba spishi nyingi hazitambulikani kwa macho. Nyingine mtaalamu huhitaji kuzipasua azitazame kwa darubini, au apime jeni zake. Lakini daftari jema halihitaji jina la Kilatini. Laweza kuandika jumla ya nondo wote, na kisha idadi ya aina kumi tu ambazo darasa limekubaliana kuzitambua bila ya shaka, kila moja ikipewa jina la darasa na mchoro au picha. "Mwenye miwani miwili" kitakuwa jina halali maadamu kila mwaka lina maana ile ile. Jina la kisayansi laweza kuja baadaye, miaka kumi hata, mtaalamu akizitazama picha. Hesabu haiwezi kuja baadaye.

Pingamizi la pili ni la huruma, nami naliunga mkono. Mitego ya zamani iliua kila kilichoingia. Hakuna sababu ya shule kufanya hivyo. Tumia shuka jeupe lililotundikwa kwenye kamba, au ndoo yenye faneli na trei za mayai ndani yake, wahesabiwe alfajiri, kisha waachwe katika majani penye kivuli, mbali na kuku na ndege, ambao hujifunza haraka sana kwamba shule inaandaa kifungua kinywa. Taa izimwe saa iliyopangwa. Baada ya yale tuliyojifunza kuhusu dira ya mdudu, kumweka akizunguka hadi alfajiri kwa sababu tu tumesahau swichi ni ukatili usio na faida.

La tatu ni la usalama wa vijana, na hili asilipuuze mwalimu ye yote. Usiku una mbu waambukizao malaria. Nguo za mikono mirefu ni lazima. Taa humleta pia kile kidudu chembamba chenye rangi nyekundu na nyeusi, maarufu kwa jina la Nairobi, ambacho kikipondwa juu ya ngozi huacha jeraha kama la moto; kipeperushwe kwa pumzi, kisiguswe. Wasichana na wavulana wasitumwe gizani peke yao. Ndiyo maana napendelea ndoo kuliko shuka, kwa kuwa ndoo hufanya kazi wakati watoto wamelala.

Wapo watakaouliza kama hesabu hizi za nondo zina nafasi yo yote nje ya somo la biolojia. Mwaka 1943 R. A. Fisher, A. S. Corbet na yule yule C. B. Williams walichapisha makala ambayo wanahisabati wa ikolojia huyasoma hadi leo, na data zake zilikuwa ni nondo wa mtego wa Rothamsted na vipepeo wa Malaya. Waliona kwamba katika mtego spishi chache huwa na wadudu wengi, na spishi nyingi huwa na mdudu mmoja mmoja. Kanuni yao, S = α ln(1 + N/α), huunganisha idadi ya spishi S na idadi ya wadudu N. Tuseme α ni 20. Ukikamata nondo 1,000 utapata spishi zipatazo 79. Ukikamata 2,000, spishi zitakuwa 92 hivi. Umeongeza kazi maradufu, umepata spishi 13 zaidi. Mwalimu wa hisabati anayetafuta matumizi ya logi asiyetaka kurudia riba ya benki, ameyapata ndooni.

Kuhusu namna ya kuendesha kazi, sitasema mengi, kwa kuwa kila shule ina hali yake. Chagua mahali pamoja na usipahame. Chagua usiku mmoja kila juma, saa 1 hadi saa 4 usiku, au hadi alfajiri kama betri inaruhusu, lakini muda uwe ule ule. Hapa tuna bahati ambayo Waingereza hawana: kwao usiku wa Juni ni mfupi mno na wa Desemba ni mrefu mno, ilhali kwetu, hata kusini kabisa mwa Tanzania, urefu wa usiku haubadiliki kwa saa moja na nusu mwaka mzima. Andika tarehe, mvua, upepo, na umri wa mwezi, kwa sababu mwezi mpevu hupunguza hesabu, jambo ambalo Williams alilionyesha tangu miaka ya 1930. Andika aina ya taa na wati zake. Taa ikiungua, ile mpya iwe ya namna ile ile. Na ikiwa haipatikani, ziwashwe mbili kwa zamu, ya zamani aina yake na mpya, kwa majuma kadhaa, ili uwiano wao ujulikane. Na usiku ambao hakuna nondo hata mmoja aliyeingia, andika 0. Vijana hupenda kuliacha tupu sanduku hilo, kana kwamba sifuri ni aibu. Sanduku tupu maana yake hatukuwasha taa. Sifuri maana yake tuliwasha na hawakuja, na tofauti ya mambo hayo mawili ni yote.

Linabaki tatizo moja ambalo sijaona likizungumzwa, nalo ni likizo. Shule hufungwa Desemba, mwezi ambao katika sehemu nyingi za nchi mvua zimekwisha kuanza, majani yamechipua, na nondo ni wengi kuliko wakati mwingine wo wote. Daftari lililoshikwa na wanafunzi peke yao litakuwa na pengo mahali hapo hapo kila mwaka, na pengo la namna hiyo huharibu kazi kuliko mapengo kumi ya ovyo. Lakini kila shule ina mtu mmoja ambaye hafungi shule, naye hukesha usiku kucha akizunguka na tochi: mlinzi. Afundishwe kuwasha na kuzima, aoneshwe zile aina kumi, apewe kalamu na posho kidogo kwa kila usiku anaouandika, na jina lake liwekwe juu ya ukurasa pamoja na ya wanafunzi.